Saa ya Ukutani na Sindano ya Mwisho

Jumatatu, 3 Machi

Tumeanza! Mke wangu kaanza sindano za kukuza mayai. Kila siku saa mbili usiku, tumboni. Daktari kasema tukiheshimu saa, huenda safari hii tukapata mtoto. Nikajitolea kuchoma. Si ndimi mume! Nikaiona ncha ya sindano. Nikajikuta sakafuni. Shemeji, mdogo wake mke wangu, fundi cherehani, akaniruka kama mkeka, akachoma yeye. Akasema ngozi ya dada yake laini kuliko jinzi.

Jumatano, 5 Machi

Shemeji anakuja kila jioni. Anachoma, anakula, anasifiwa. Mimi nashika pamba. Pamba! Mtoto akiuliza baba alifanya nini, ataambiwa alishika pamba? Nimenunua machungwa. Najifunza kuyachoma chooni, kwa siri. Chungwa la kwanza limesalimika. Kidole changu hakijasalimika.

Ijumaa, 7 Machi

Nina akili jamani! Nimeisogeza saa ya ukutani mbele kwa nusu saa. Shemeji hajafika, nikatangaza saa mbili imetimia. Mke wangu akashangaa, mbona muda unakimbia hivi. Nikachoma! Macho nimefumba, lakini nimechoma! Shemeji akatukuta mezani. Akaitazama saa, akanitazama mimi. Akanipa hongera, eti leo shemeji yake amechelewa kuzimia.

Jumapili, 9 Machi

Imeongezeka sindano nyingine, ya kuzuia mayai yasitoke mapema. Haraka hiyo yamerithi kwangu. Shemeji naye siku hizi anawahi. Jana na leo kafika kabla ya saa mbili ya ukutani! Sijui anapaa? Nimerudishwa kwenye pamba.

Alhamisi, 13 Machi

Mayai yameiva vizuri. Usiku huu sindano ya mwisho, ya kuyakomaza. Daktari kaninyooshea kidole mimi, sijui kwa nini: saa nne kamili, si kabla, si baada, maana Jumamosi yatatolewa kwa kufuata saa hiyohiyo. Tukikosea, kazi yote bure. Jasho likanitoka. Ile saa! Kimyakimya nikairudisha nyuma nusu saa. Nikazima simu nisisumbuliwe. Nikakaa mbele ya saa kama mlinzi wa benki.

Redio ya jirani ikaanza taarifa ya habari ya saa nne. Saa yetu: tatu na nusu. Nikamcheka jirani. Shemeji akatoka jikoni, akauliza nani kagusa saa tena, yeye aliirekebisha tangu ile Ijumaa!

Mama yangu! Nikaruka, nikajikwaa kwenye stuli, nikaingia chumbani kwa magoti nikipiga kelele. Mke wangu kakaa kitandani, anajifuta tumbo. Kajichoma mwenyewe, simu yake ilipotetema saa nne kamili. Akasema mtu mwenye mume kama mimi na mdogo kama yule haangalii saa ya ukutani. Kisha akanipa pamba nikatupe.

Jumamosi, 15 Machi

Kumi na moja! Mayai kumi na moja! Daktari kasema saa ilizingatiwa barabara. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Mke wangu akanishika mkono, akacheka, akalia, akaniapisha nisiguse tena saa ya nyumbani. Nimeapa kwa moyo wote.

Alhamisi watampandikiza kiinitete, yaani yai lililorutubishwa. Anaruhusiwa mtu mmoja tu wa kuingia naye. Shemeji kashatangaza ni yeye, na atawahi kufika.

Saa ya pale mapokezi ya hospitali imetundikwa chini kidogo. Kiti kitatosha.