Hotuba ya Kukabidhi Redio za Mfukoni Katika Makao ya Wazee

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye amepata udhuru na nafasi yake naishika mimi mwenyewe. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Uteuzi wa Redio ya Mfukoni, ambaye pia ni mimi. Bibi Msimamizi wa makao haya. Ndugu Katibu wangu. Ndugu dereva wangu, ambaye yuko nje anaosha gari lakini namtambua. Wazee wetu, hazina yetu, maktaba zetu zinazotembea, na wale wasiotembea pia. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

(Makofi ya mtu mmoja. Ni mpishi, na alikuwa anaua nzi.)

Awali ya yote, nimesimama mbele yenu nikiwa na furaha isiyo kifani, ile ambayo kwenye semina tulifundishwa kuiita furaha shirikishi, kwa sababu leo hii, baada ya mchakato wa miezi kumi na moja, vikao thelathini na nane, semina elekezi mbili na ziara moja ya mafunzo katika mji wenye redio nyingi kuliko wetu, naweza kutamka bila kigugumizi kwamba Mpango Kabambe wa Redio Mkononi umefikia asilimia tisini na sita nukta nne ya maandalizi ya kuanza kutekelezwa.

(Kaka yangu, fundi viti, ambaye macho yalimwacha kabla hajaacha kazi, amenigusa goti mimi dada yake, niliyeketi naye benchi moja, kuuliza saa. Nimemwambia saa tisa na nusu. Saa kumi kinaanza kipindi cha salamu, na kila Jumamosi binti yake anayefanya kazi mbali humtumia salamu humo. Simu ya ofisi hapa ni ya ofisi. Kaka hajapata neno la mwanawe miezi kumi na moja, tangu Mheshimiwa huyu aazime redio yake, akisema ni kwa wiki moja tu, mzee wangu, wiki moja tu.)

Ndugu zangu, liko swali ambalo mtu asiye na upeo hulichukulia kirahisi: redio ya mfukoni ni nini? Kikao cha kwanza hadi cha tisa tulijadili redio. Kikao cha kumi tukahamia mfukoni, na hapo, wapendwa stekiholda, ndipo tulipobaini ukubwa wa changamoto, kwani mfuko wa shati si mfuko wa koti, wala mfuko wa koti si mfuko wa suruali, hivyo tukaunda kamati ndogo iliyopima mifuko mia mbili na kumi na miwili ya maofisa wa ngazi zote, tukapata data. Mifuko ya wazee haikupimwa kwa kuwa hapakuwa na kifungu kinachoturuhusu kuwagusa wazee.

(Kicheko benchi la nyuma. Bibi mmoja, mkunga mstaafu, amesema mfuko wa redio anaujua, ni ndani ya sidiria, amehifadhi humo kila cha maana tangu usichana na hakijawahi kuibwa. Msimamizi amemwomba anyamaze. Amekataa.)

Baada ya mfuko tukaingia kwenye vigezo. Wataalamu wetu, kwa kuzingatia kasi ya dunia, walishauri redio ya kioo cha kugusa, inayochajiwa kwa umeme, yenye kumbukumbu ya stesheni mia moja na maelekezo katika lugha kumi na nne, ili mzee akitaka kubadilisha lugha asikwame.

(Makao haya yana soketi moja, nayo ni ya friji ya dawa. Na kaka yangu ataguseje kioo asichokiona? Redio ya kila siku ni ile unayoiwasha gizani bila kumsumbua wa kitanda cha pili. Iwe na kitufe kinacholia ka, ujue imewaka. Betri mbili ndogo, za kupatikana hata duka la mwisho wa mtaa. Spika isiyokwaruza mtu akisema taratibu. Gurudumu la kutafutia stesheni liwe gumu kidogo, lisiteleze ukigeuka kitandani. Ile yake niliichagua mimi, nikaisikiliza pale kaunta mpaka muuza duka akaniuliza, bibi, unanunua au umehamia? Nikanunua, nikaisukia kamba ya uzi mwekundu, nikadondosha tone la nta juu ya gurudumu pale penye stesheni ya salamu, ili kidole chake kikikuta nta, kiwe kimemkuta binti yake.)

Na sasa, kwa heshima na taadhima, naomba niondoe kitambaa hiki.

(Ameondoa. Ni redio moja. Kamba ni ya uzi mwekundu.)

Hii, mabibi na mabwana, ni Sampuli Namba Moja. Katika awamu ya pailoti sampuli hii ilifanyiwa majaribio ya kina nyumbani kwangu, hususan bafuni na wakati wa mechi, kwani kamati haiwezi kuwapa wazee kitu ambacho mwenyekiti hajajiridhisha nacho yeye binafsi, na nimejiridhisha sana. Kasoro ilionekana moja tu, uchafu wa nta kwenye gurudumu, ambao kikao cha ishirini na sita kiliazimia kwa kauli moja uondolewe, na mimi, ambaye sipendi kusubiri watu wa chini, niliukwangua kwa wembe kwa mkono wangu huu.

(Hakuna makofi. Hata nzi wameachwa. Kaka amegeuza uso upande wangu. Nimefungua mkoba, maana humo hakikosekani kipande cha mshumaa, umeme wa huku ukiondoka hauagi. Saa kumi kasoro dakika nane.)

Kuhusu ahadi, naahidi kwamba kabla ya mwaka kwisha kila mzee atakuwa na wastani wa redio moja nukta nne, na wale watakaokuwa wametutangulia, hisa yao itagawanywa kwa haki. Kuhusu fidibaki, yaani maoni yenu, milango iko wazi.

(Kaka amesimama. Amesema, "Mheshimiwa, iwashe tuisikie.")

Ni hoja nzito, na itajibiwa kwa maandishi.

(Mkunga amesema, "Mwanangu, redio hainunuliwi kwa kuhutubiwa. Iwashe.")

Kwa kuheshimu ushirikishwaji, naiwasha.

(Ka. Kaka ametabasamu kwa ile sauti tu. Mheshimiwa amezungusha, akapata mkwaruzo, akazungusha tena, akapata mtu anauza magodoro. Amezungusha mpaka jasho limemtoka. Kaka amesema, "Nipe mimi.")

Kwa masikitiko, sampuli ni mali ya mchakato na haiwezi kushikwa na mnufaika kabla mnufaika hajasajiliwa. Nihitimishe. Nikisema Redio, mjibu Mkononi. Redio!

(Kaka amenyoosha mkono na kuuacha pale.)

Redio! Basi. Maendeleo ni kusikia! Kusikia ni kushiriki! Mwisho kabisa, shukrani za pekee zimwendee mzee wetu fundi viti kwa kutuazima sampuli hii, ambayo, tuweke kumbukumbu sawa, ndiyo redio pekee ambayo mpango umewahi kuwa nayo, kwa sababu mpango wenyewe haujaombewa kibali, haujaandikwa katika faili lolote, na kamati yake, ukiniondoa mimi na Katibu, bado haijateuliwa. Hivyo redio tunazokabidhi leo zitakabidhiwa pindi zitakapokuwepo. Asanteni kwa kunisikiliza.

(Alipoinama kuokota karatasi zake nimeichukua redio mezani. Hakuna aliyenizuia, Katibu ndiye aliyenisogezea kiti nipite. Kaka amelishika gurudumu, akageuza taratibu, kichwa kakiinamisha kama anayepima mguu wa kiti kama umekaa sawa, akapita mkwaruzo, akapita magodoro, akakomea penye salamu. Saa kumi na dakika nne. Nimewasha mshumaa. Kidole chake kikiwa bado juu ya gurudumu, nimedondosha nta kando yake. Mtangazaji alikuwa anasoma, kadi baada ya kadi, na mkunga amemwambia Mheshimiwa akae, watu wanasikiliza. Kadi ya sita ilikuwa ya binti yake: "Anamsalimu baba yake, fundi viti, na shangazi yake mwenye maneno. Anasema, baba, narudi mwezi ujao, kiti changu asikikalie mtu." Kaka ameipitisha kamba shingoni, akaipapasa ile nta mpaka ikapoa.

Mheshimiwa amekuja kuomba arudishiwe sampuli, ili kikao cha thelathini na tisa kisikwame. Kaka amemwambia atajibiwa kwa maandishi.)