Ufa Nyuma ya Sikio la Kushoto

Jumamosi, Julai 13

Siku njema! Nimeuza makorokoro mbele ya nyumba, karibu yote yamekwisha. Blenda mbovu, viatu vya mume wangu Garrett, hata lile sanduku la gereji. Ndani yake kulikuwa na kikombe cha tiki, kile cha udongo chenye uso wa sanamu la visiwani, macho yamemtoka, meno nje kama anaumwa jino. Mwanangu Posy akikiona tu analia hadi pumzi inakwama. Nilikisugua kwa mswaki, nikaona ufa nyuma ya sikio la kushoto, nikanyamaza. Jirani Marlys kakichukua, pamoja na sanduku lake, kwa dola moja. Aliomba kwa nusu dola. Nikakaza. Mimi si wa kuchezewa!

Taa ya bunju haikupata mtu. Samaki mkavu, miiba mwili mzima, kavimba kama mpira, na balbu tumboni. Nani aitake? Nimeirudisha gereji, nikaifunika taulo.

Jumapili, Julai 14

Garrett kauliza sanduku la mama yake liko wapi. La nani?!

Kumbe mama mkwe, Arlene, alipohamia chumba chake kidogo kule Long Beach, alituachia vitu vyake gereji. Nami nilidhani ni takataka za mpangaji wa zamani. Na kikombe kile! Ndicho alichonywea kinywaji alichonunuliwa na marehemu baba mkwe Walt usiku aliomchumbia, kwenye baa ya tiki, ya mapambo ya visiwani, iliyokuja kuungua. Kila siku yake ya kuzaliwa mama mkwe hunywea humo. Mara moja kwa mwaka, basi.

Siku hiyo ni Jumapili ijayo. Hapa kwetu, uani.

Nimemwambia Garrett sanduku liko salama. Si uongo. Marlys ana mbwa wawili.

Lakini Arlene akijua? Tangu niolewe, kwake nilikuwa "yule msichana wa Garrett". Mwezi huu tu ndipo kaanza kuniita mwanangu. Nilikwenda chooni nikalia kwa furaha. Sasa je?

Jumatatu, Julai 15

Nimekwenda kwa Marlys na mkate wa ndizi wa moto. Nikamwambia nimekikumbuka kile kikombe, anirudishie, nampa dola mbili, faida mara mbili. Kacheka hadi magego yakaonekana. Akasema shoga yangu umechelewa, kiko mnadani mtandaoni, na dau limefika tisini. Tisini! Kuna watu wazima huko wanapigania vikombe vya mabaa yaliyokufa! Akasema hizo mbili zangu nikamnunulie Posy sabuni.

Nimwambie ni cha mama mkwe? Thubutu. Mdomo wa Marlys hauna mlango.

Mkate kaula, lakini. Wote.

Jumanne, Julai 16

Nina akili! Nimejiandikisha mnadani kwa jina la Profesa wa Visiwa. Picha za Marlys zinaonyesha uso na ubavu wa kulia tu. Kwa hiyo nikauliza pale hadharani, kwa lugha ya kisomi: samahani, hiki si kile chenye ufa nyuma ya sikio la kushoto? Nani atanunua kikombe cha ufa? Watakimbia wote. Nitakiokota kwa dola tano.

Nimemlaza Posy huku naimba.

Jumatano, Julai 17

Hawakukimbia.

Mzee mmoja wa Ohio kaandika aya ndefu kama hotuba ya msibani. Eti ufa mahali hapo ndio ushahidi kwamba kikombe ni cha tanuri la kwanza kabisa, kabla kalibu ya kufinyangia haijarekebishwa, na kwamba vilivyobaki ni vya kuhesabu. Wenzake wakaja mbio. Wakamtaka Marlys aweke picha ya sikio. Kaweka. Kaweka na ya kitako, kumbe jina la ile baa iliyoungua limegongwa pale chini. Dau limeruka kama chura aliyekanyagwa.

Wote wananishukuru. Profesa, umetufungua macho. Profesa, Mungu akuweke.

Marlys kanipungia mkono juu ya uzio akisema ana bahati, kuna mpumbavu fulani msomi kamtajirisha. Nikasema hongera, jirani.

Alhamisi, Julai 18

Mnada umefungwa mchana. Nilikuwa na pesa za mashine ya kufulia, dola mia nne. Nikasema potelea mbali, nitafua kwa mikono. Nikatupa zote. Tukabaki wawili: mimi na mtu anayejiita Mananasi Mekundu. Hana huruma huyo! Kila nikipanda, yuko juu yangu. Kanimaliza. Mia nne na kumi! Namtakia apaliwe na kila atakachonywea humo.

Kisha nimetubu. Huenda naye ana mkwe.

Jumamosi, Julai 20

Mpango mwingine, na huu ni imara. Nimenunua kikombe cha tiki kipya kwenye duka la vitu vya sherehe. Uso ule ule, ukifinya macho kidogo. Kilikuwa cheupe. Nimekipaka kahawa nzito na sosi ya soya, nikakianika juani, nikarudia. Ufa nimeuchora kwa penseli ya nyusi. Garrett kauliza kwa nini jikoni kunanuka mkahawa wa Wachina. Nikamwambia afunge mdomo apulize maputo.

Posy kakiona, akalia. Ishara nzuri!

Jumapili, Julai 21

Mama mkwe kafika na shada la maua ya plastiki shingoni. Ameketi, ameonja nyama na nanasi, akasema haya, nileteeni Walt wangu.

Nikakileta. Akamimina ramu na juisi yake. Barafu ikakitoa kikombe jasho, kahawia ikaanza kushuka. Kwanza kwenye vidole vyake. Kisha kwenye gauni jeupe. Akanusa. Akauliza, mwanangu, tangu lini Walt ananuka soya? Akakigeuza akaona ufa. Nimeuchora nyuma ya sikio la kulia!

Nikaangua kilio. Nikasema yote, dola moja, mkate, Profesa, mashine ya kufulia. Posy akalia kunisindikiza.

Mama mkwe akafungua mkoba, akatoa kikombe. Chenyewe! Mananasi Mekundu ni yeye!

Akasema alikiona mnadani, akadhani tumeibiwa, akawa karibu kuita polisi. Kisha akasoma swali la Profesa. Sikio halikuonekana pichani, sasa nani angeujua ufa ule ila mtu wa nyumba hii aliyekisugua? Na tanuri la kwanza lipi! Walt alimchumbia akiwa amelewa, akamwita kwa jina la dada wa Arlene, naye Arlene akamtandika nacho kichwani. Ufa ni wa kichwa cha Walt. Tukacheka hadi Garrett akaja kutazama.

Nikamuuliza pesa zile katoa wapi. Za safari yake ya Vegas na wenzake, akasema, na Vegas haihami. Akaninyooshea kikombe ninywe mimi kwanza. Akasema, Profesa, mwanangu, usilie, kaniletee barafu.

Wakati wa kuondoka akasema nimtunzie ile taa ya bunju. Walt aliinunua wakiwa kwenye fungate.

Jumanne, Julai 23

Sijalala kwa kuifikiria Vegas ya mama mkwe. Hajui bado, lakini atakwenda! Nimeipangusa taa ya bunju, nimeipiga picha pande zote na kuiweka mnadani. Alisema nimtunzie, na pesa hutunzika kirahisi kuliko samaki. Safari hii hakuna Marlys, nauza mwenyewe. Nitampa pesa zote mkononi. Atafurahi huyo!

Saa moja haijapita, mtu keshaweka dau, tena kubwa. Mananasi Mekundu.

Nimeshukuru Mungu. Namjua huyu. Analipa vizuri.