Mkurugenzi Atasimama Wapi?

Wananchi wote wa wilaya ya Oakwater, Florida, wanatangaziwa kwa furaha kwamba hakuna kitakachotokea. Ili kuhakikisha hakitokei, Shirika la Safari za Anga za Mbali limechapisha kitabu cha kurasa elfu moja mia moja na kumi kinachoeleza kitatokeaje, kwa upepo gani, na nani atakatazwa kula machungwa yake kwa miaka mingapi. Wananchi wanaombwa watoe maoni. Kila swali litajibiwa kwa maandishi, kama sheria inavyoagiza.

Tangazo hilo liliandikwa na Delmar Pruitt, Mjibu Maswali Mkuu Msaidizi. Mjibu Maswali Mkuu hakuwapo. Alikuwa amehamishwa baada ya kujibu swali.

Kisa chenyewe kilikuwa chepesi. Shirika lilikuwa linatuma chombo kwenye sayari ya Zohali. Huko jua ni hafifu kama koroboi inayoishiwa mafuta, kwa hiyo chombo kilibeba kilo thelathini za plutoni, madini ya nyuklia yenye sumu, ili joto lake litoe umeme. Roketi ikifika salama, sifa kwa sayansi. Ikipasuka angani asubuhi yenye upepo wa mashariki, vumbi lingeishukia Oakwater, wilaya ya michungwa, nyuki na wastaafu. Shirika halikupenda neno "kupasuka." Delmar alilitungia maneno bora zaidi: "kurejea kusikoratibiwa." Kwa kazi hiyo alipewa cheti cha ubunifu, akakitundika chooni, mahali pekee alipoweza kukitazama bila kuona haya.

Hakuwa mjinga, Delmar. Aliijua kazi yake vizuri kuliko waliomwajiri. Maneno yake yangekuwa wali, angepakulia wilaya nzima na wote wakalala njaa. Alikuwa na majibu matatu tu. La kwanza lilikuwa la kushukuru. La pili lilisema tazama sura ya nne. La tatu lilikuwa la wakorofi, nalo lilisema tazama sura ya nne tena. Sura ya nne ilisema tazama kiambatisho cha pili, na kiambatisho cha pili kilisema mambo yote yako sura ya nne.

Kikao cha kusikiliza maoni kilifanyika kwenye ukumbi wa michezo wa sekondari. Kila msemaji alipewa dakika tatu, na taa tatu mbele yake: kijani sema, njano malizia, nyekundu kaa. Msemaji wa kwanza alikuwa Dokta Kessler, daktari wa meno mstaafu na kiongozi wa Muungano wa Upepo Salama, watu waliokuwa wakizipinga roketi hizo kwa miaka kumi. Alikuja amevaa vazi la mifupa, fuvu mpaka shingoni, na hakuna aliyesikia neno. Alipofanikiwa kulivua fuvu, taa ilikuwa nyekundu.

"Nilikuwa nasema tutakufa!" alifoka.

"Asante, Dokta," Delmar akasema, akaandika: *msemaji ana wasiwasi wa jumla.*

Maswali yakaendelea siku nne, mpaka likafika la mia nane na kumi na mbili. Akasimama bibi wa miaka sabini na minne, viatu vya shambani, mkononi bahasha ya mbegu iliyoandikwa nyuma. Delmar akajifanya anatafuta kalamu.

"Naitwa Oleta Pruitt. Nafuga nyuki Barabara ya Old Dairy. Huyo anayetafuta kalamu ni mwanangu, na kalamu iko sikioni mwake."

Ukumbi ukacheka. Delmar akaitoa kalamu sikioni.

"Siku mtakayorusha, michungwa itakuwa imechanua," bibi akaendelea. "Nikihamisha mizinga yangu sitini, asali ya mwaka huu ndiyo basi tena. Nisipohamisha na lidude lenu likapasuka, hakuna atakayegusa asali yangu mpaka nife. Sitaki kuambiwa hatari ni moja kwa elfu. Mimi si mtu wa hesabu. Nauliza hivi tu: siku hiyo, Mkurugenzi wenu atasimama wapi? Niambieni, na mizinga yangu nitaipeleka papo hapo."

Akaketi. Alikuwa ametumia nusu dakika. Kwa mujibu wa kanuni muda wa msemaji haukatizwi, kwa hiyo ukumbi mzima ulikaa kimya dakika mbili na nusu ukiitazama taa ya kijani.

Jumapili Delmar alikwenda kula kwa mama yake, kama kawaida. Kulikuwa na samaki wa kukaanga na uji mzito wa mahindi wenye siagi.

"Mama, si ungeniuliza hapa mezani? Umeniaibisha."

"Hapa mezani wewe ni mwanangu. Utanidanganya ili nisiumie."

"Kule ndiko ninakodanganya zaidi!"

"Najua, baba. Lakini kule unatia sahihi. Kula samaki, anapoa."

Jumatatu Delmar aliandika: *Siku hiyo Mkurugenzi atasimama imara.* Alilipenda jibu hilo kwa muda wa nusu saa. Kisha akaiona mizinga sitini ikipakiwa kuelekea Imara, wilaya ambayo haimo kwenye ramani, akaona aibu ya kweli, ile inayopanda mpaka masikioni. Akalikata, akaenda kumwona mkubwa wake.

Mkurugenzi Thaddeus Brockway alikuwa mtu mrefu mwenye sauti ya kufungulia maonyesho.

"Mwambie nitasimama na wananchi," alisema.

"Wapi, mkuu?"

"Bega kwa bega."

"Mkuu, mizinga haipelekwi bega kwa bega. Inataka anwani."

Mkurugenzi akafungua shajara yake kwa shingo upande. Siku ya kurusha angekuwa Anchorage, Alaska, kwenye Kongamano la Kuimarisha Imani ya Wananchi.

Delmar akaisoma shajara mara mbili. "Mkuu, ukienda mbali zaidi ya hapo utahitaji pasipoti."

"Nimealikwa, Pruitt."

"Nani amekualika?"

"Mwenyekiti wa kongamano."

"Mwenyekiti ni nani?"

"Ni mimi. Sikuweza kukataa."

Sheria ilitaka jibu, na jibu likachapishwa katika toleo jipya la kitabu. Ukurasa wa mia tisa themanini na saba, kati ya swali la kasa na swali la kama Mungu ameombwa ruhusa, Delmar aliandika: *Mkurugenzi atakuwa Anchorage, Alaska.* Kisha akajipa moyo kwamba hakuna binadamu anayesoma ukurasa wa mia tisa themanini na saba, akampelekea Mkurugenzi kitabu. Mkurugenzi alithibitisha jambo hilo kwa kutia sahihi kwenye jalada.

Mama Oleta aliusoma kwa kioo cha kukuzia. Akampigia simu Dokta Kessler.

Muungano wa Upepo Salama ulikutana kwa saa tano. Hawa walikuwa na taratibu za kulishinda hata Shirika: hawapigi kura, wanapepea vidole mpaka wote wakubali, na mtu mmoja alikataa kwa sababu ndege huchafua hewa. Mwishowe wakaona jambo dogo kwenye tangazo la kongamano: wananchi wote wanakaribishwa. Wiki hiyo hiyo Anchorage ilipokea fomu elfu moja mia tisa kutoka Oakwater. Mama Oleta, kwenye nafasi ya mizigo, alijaza: mizinga sitini, yenye wakazi.

Ukumbi wa Anchorage ulikuwa wa watu themanini. Na kulikuwa na kanuni: mkutano wa hadhara ukizidi ukumbi, uhamishiwe wanakoishi washiriki walio wengi. Kanuni hiyo ilitungwa ili mikutano ya wakorofi isihamishwe kuja makao makuu. Aliyeitunga ni Delmar. Aliisoma mara tatu akitafuta pa kuipinda, akakuta fundi aliyeijenga hakuacha hata ufa. Alijilaani, huku moyoni akijipongeza kidogo.

Wakubwa wa Mkurugenzi, waliokwisha kufika Alaska mapema, wakaamua kubaki huko kama tawi la kongamano. Mwenyekiti akatakiwa Oakwater. Uwanja ulitolewa bure na mwananchi mwema wa Barabara ya Old Dairy.

Siku ikafika. Asubuhi ilikuwa nyeupe kwa maua ya michungwa, na harufu yake ilikuwa tamu mpaka kooni. Viti elfu mbili vilipangwa malishoni, mizinga ikiwa nyuma ya jukwaa. Mkurugenzi alipewa kofia ya wavu ya wafuga nyuki, akakaa mstari wa mbele kando ya Dokta Kessler, aliyekuwa ndani ya mifupa yake akinywa maji ya limau kwa mrija. Kipaza sauti kilikuwa kinahesabu dakika kutoka kituo cha kurushia roketi.

Zilipobaki dakika tisa, Mkurugenzi alilamba kidole, akakiinua.

"Pruitt, upepo huu unatoka wapi?"

"Mashariki, mkuu. Unatoka kituoni, unakuja kwetu."

"Na kitabu kinasemaje kuhusu mashariki?"

"Mkuu, ulikitia sahihi."

"Sikukuuliza nani ametia sahihi! Kinasemaje?"

Delmar alifungua mdomo atoe jibu la pili, lile la sura ya nne. Akamwona mama yake anamtazama. Halikutoka. "Kinasema ikipasuka, mkuu, ni hapa," akasema. "Hapa ulipokaa."

Zilipobaki dakika nne, Mkurugenzi alikuwa nyuma ya jukwaa na simu ya mkononi. Kipaza sauti kikakohoa, kikatangaza kwamba urushaji umesimamishwa kwa saa mbili kwa agizo la Mkurugenzi. Sababu: upepo.

Watu elfu moja mia tisa wakatazamana. Muungano ulikuwa na nyimbo kumi na nne za kushindwa, lakini haukuwa na hata mmoja wa kushinda.

"Tumeshinda?" Dokta Kessler aliuliza kutoka ndani ya fuvu. "Mbona hatujapepea vidole?"

Mkurugenzi alirudi kwenye kipaza sauti. "Wananchi, hakuna hatari. Huu ni utulivu wa kawaida. Naomba kila mtu abaki alipo." Alisema hayo akielekea kwenye gari lake.

"Bwana Brockway!" Mama Oleta aliita. "Baada ya hizo saa mbili?"

"Mamlaka yangu yanaishia hapo, mama. Zaidi ya hapo ni wakubwa zangu waamue."

"Wako wapi?"

"Alaska."

"Haya. Vitabu vyenu vimenizungusha miezi mitatu," akasema. "Wewe umenijibu kwa miguu. Delmar, vua tai, lete lori."

Delmar akavua tai. Walipakia mizinga wakisaidiana na Dokta, ambaye kwa mara ya kwanza alikuwa amevaa inavyofaa, maana nyuki hawaumi mifupa ya plastiki. Mama Oleta hakusema kitu kuhusu asali. Alisimama mara moja tu, akayatazama maua, akafuta macho kwa kiganja, akaendelea kubeba. Delmar akatamani angekuwa amemwambia ukweli mezani, miezi mitatu nyuma.

Watu wengine nao walikuwa na macho. Walipoona Mkurugenzi anaondoka, waliondoka. Barabara ya Old Dairy ikajaa magari mpaka hayasogei, gari la Mkurugenzi likiwa katikati, mlangoni pa shamba. Mama Oleta hakuihitaji barabara. Alikuwa na njia yake ya kukata kati ya michungwa mpaka barabara kuu. Lori lilipopita karibu, Mkurugenzi alishuka mbio, akagonga dirisha.

"Mnaelekea wapi, mama?"

"Georgia, kwa dada yangu."

Mkurugenzi akachungulia. Mbele walikaa Mama Oleta, Delmar, na mifupa. "Hamna nafasi kwa mtu mmoja?"

"Nyuma ipo," Mama Oleta akamwambia. "Ila hao wa nyuma leo wana hasira."

Mkurugenzi alitazama mizinga sitini, ikivuma. Akatazama mashariki. Kisha akakaza kamba za kofia ya wavu, akachomeka suruali kwenye soksi, akapanda.