Mimi ni Shabiki, Padri Paroko, Si Groupie

Nyalukemba, Bukavu
Mwanzo wa Agosti, 1976

Kwa Padri Paroko wetu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo.

Anayekuandikia ni Maman Apolline, mjane wa marehemu Barthélemy wa posta. Kwenye karatasi za Serikali ni Citoyenne Nabintu, kwa kuwa majina ya ubatizo tumeambiwa tuyaache nyumbani. Unanijua. Nasimama mstari wa mbele wa kwaya, upande wa harmoniamu. Au tuseme nilisimama hapo mpaka Jumapili iliyopita, Papa Philémon, kiongozi wetu, aliponiondoa na kumpa Maman Agathe wimbo wa Bikira Maria, ambao mimi huuimba peke yangu kila sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni. Eti kwa sababu ninaifuata Orkestra Nguba-Fiesta. Nilitaka hasira ipoe kwanza ndipo niandike. Haikupoa, lakini karatasi ilipatikana.

Malalamiko nimeyapa namba, usije ukasema nimekupigia kelele.

1. Neno lenyewe. Papa Philémon amesoma katika kipande cha gazeti la Ulaya, kilichofungiwa sabuni dukani, kwamba kuna shabiki na kuna groupie. Alitueleza mbele ya wanawake wote wa sauti ya kwanza: shabiki anapenda muziki, groupie anapenda mwanamuziki. Kisha akanigeukia: "Maman Apolline, weye hauko shabiki tena. Uko groupie." Wenzangu walicheka mpaka mmoja akaangukia harmoniamu, nayo ikalia. Padri, mimi nina wajukuu. Kutukanwa kwa Kifaransa, tena ndani ya kanisa, sijazoea.

2. Ushahidi wake. Anasema nampelekea Papa Edouard, mpiga tarumbeta, chai ya tangawizi. Ni kweli. Anasema nampigia mashati pasi. Kweli pia. Anasema kwenye lori la orkestra nakaa karibu naye. Hapo amedanganya: mimi nakaa karibu na tarumbeta, na yeye yuko upande wake wa pili.

Tuelewane vizuri. Tarumbeta hupigwa kwa midomo. Kiangazi hiki vumbi limezidi, midomo ya watu inapasuka. Midomo ikipasuka hakuna tarumbeta, na bila tarumbeta orkestra inabaki kelele za gitaa tu. Kwa hiyo siku ile nilipompaka mafuta ya ng'ombe midomoni, niliyekuwa nampaka si mtu, ni muziki. Hata mashati ni hivyo hivyo, maana hakuna anayepuliza vizuri huku kola imemkunjamania shingoni. Ningemfanyia mpiga gitaa pia, ila yule ana mke.

3. Kitenge. Hapa ndipo chuki ilipoanzia, ingawa Papa Philémon hataki kusema. Kwaya ilinituma soko la Nyawera nitafute kitenge cha sare ya sikukuu. Kamati ya wanawake wapenzi wa orkestra nayo ilinituma Nyawera nitafute kitenge cha sare yao. Mimi ni mmoja, soko ni moja, na muuzaji alikuwa na jora moja zuri la buluu lenye maua meupe. Nikalichukua lote. Nani angejua kwamba pande zote mbili zingeshona upesi hivyo?

Jumamosi jioni Papa Philémon akapita mbele ya baa, akaona kwaya yake inacheza dansi na bia ziko mezani. Akaingia kwa ukali. Akawapanga wale wanawake, wafupi mbele, warefu nyuma, akawaamuru wainamishe vichwa. Wakamtii, kwa sababu walidhani ni mwalimu mpya wa dansi aliyeletwa na orkestra. Alipogundua kwamba hamjui hata mmoja wao, tayari walikuwa wanamuuliza waanze na mguu gani. Aibu ile ananilipisha mimi, Padri.

4. Wengine. Sipendi kusema watu, lakini nimelazimishwa. Maman Godelive husikiliza mahubiri yako kwenye misa ya kwanza, kisha hupanda mpaka Kadutu kuyasikiliza yale yale kwenye misa ya pili, na hucheka palepale alipocheka asubuhi. Kanzu zako zinagombaniwa kufuliwa. Uliposhikwa na mafua wakati wa Kwaresima, supu ya kuku ilifika parokiani kwa wingi hata mpishi wako akanenepa. Na ulipokwenda likizo, mabenchi ya mbele yalibaki wazi, ingawa Mwenyezi Mungu alikuwepo, maana Yeye haendi likizo. Papa Philémon mwenyewe siku hizi anakohoa kidogo kabla ya kusema, kama wewe. Je, wote hao ni mashabiki wa Injili? Nauliza tu. Mbona hakuna aliyewatafutia neno la Ulaya?

5. Kwa hiyo napendekeza kipimo kimoja kwa wote. Aondolewe mtu, ibaki kazi yake. Wewe nenda likizo tena, tuone nani atakuja misa. Papa Edouard naye asafiri, tuone kama mimi nitaacha kwenda kuisikiliza Nguba-Fiesta. Atakayebaki ni shabiki. Atakayekimbia ni groupie, na afutwe katika kila chama cha parokia bila kutazamwa usoni. Naogopa baada ya hapo misa ya kwanza utaisomea viti, lakini haki ni haki. Mimi kipimo hicho sikiogopi hata kidogo.

6. Ombi langu. Nirudishie wimbo wangu, Padri. Hapa sitanii. Marehemu Barthélemy hakujua muziki. Hakuweza kutofautisha wimbo wa kuingia na wa komunyo. Lakini kila sikukuu hiyo alivaa koti lake la posta, akakaa benchi la tatu, akanitazama mpaka mwisho, na nikimaliza alitoka nje kuvuta sigara, misa ikiendelea. Alipokufa nilinyamaza muda mrefu. Nikifungua kinywa, kilichotoka ni kilio. Wimbo ule ndio ulionirudisha kwa watu. Nikiunyang'anywa sasa kwa sababu ya chupa ya chai, nitaumia sana, na sioni aibu kukuambia hivyo.

Nakuomba umwite Papa Philémon, umsomee barua hii, ukiruka namba nne kama utaona inafaa.

Wasalimie Padri msaidizi, masista wote, mpishi wako na katekista. Msalimie Maman Agathe, ingawa ni jirani yangu na namsikia sasa hivi akijifunza wimbo wangu nyuma ya ukuta. Papa Philémon naye msalimie, lakini usirefushe.

Nabaki mwanao katika Kristo na katika sauti ya kwanza,

Maman Apolline Nabintu

N.B. Bahasha nilikuwa nimeshaigandisha kwa bukari, ule ugali wa jana, imebidi niichane. Nimepata habari mchana huu kwamba Papa Edouard ameiacha orkestra na amerudi kwao Walungu, ambako parokia imempa vijana awafundishe tarumbeta. Kwa hiyo usijisumbue kumwita Papa Philémon. Wimbo abaki nao Maman Agathe. Nikimsikiliza vizuri, sauti yake si mbaya. Nguba-Fiesta wanasema inapiga leo usiku, mimi sitakwenda, gitaa zile zimekuwa zikiniumiza kichwa tangu zamani. Ninachohitaji ni barua fupi kwa Paroko wa Walungu, umwambie kwamba ninaimba, kwamba nina afya, na kwamba ninaweza kuanza sikukuu hii hii. Gari la Walungu linaondoka kesho alfajiri na mizigo yangu iko mlangoni. Tafadhali iandike kwa mkono wako mwenyewe, Papa Philémon asiiguse.