Ukoo wa Wapuliza Kioo

Jumapili, 5 Oktoba

Mkutano wa Waswahili kwenye ukumbi wa chini wa jengo letu hapa ughaibuni, Crescent Town. Chai nzuri, sambusa chache. Kawthar, yule binti wa Tanga mwenye karakana ya kioo kule Downsview, alisimama akatangaza kwamba Jumamosi ya tarehe kumi na nane atafungua milango kwa wote: siku nzima ya kuwaenzi wasanii wa kioo ambao si Wazungu. Nikajiangalia mkono. Sifa ya kwanza ninayo!

Akasema anatafuta mtu mmoja wa jamii yetu apulize kioo mbele ya watu. Picha yake itabandikwa kwenye lifti ya jengo letu. Hapo nikaamka kabisa. Mwaka jana Cyriaque, Mrundi wa ghorofa ya juu, alibandikwa humo kwa sababu ya tarumbeta lake la kanisani. Majira yote ya joto nilipanda na kushuka na mashavu yake.

Nikanyoosha mkono. Nikasema ukoo wetu kule Ngara ni wapuliza kioo tangu babu wa babu. Sijui maneno yalitoka wapi. Kawthar alijishika kifua kwa furaha. Cyriaque akauliza mbona yeye ni wa Muyinga, ng'ambo tu ya mpaka, na hajawahi kusikia habari hiyo. Nikamjibu ilikuwa siri ya ukoo. Akarudi kwenye sambusa yake. Ushindi!

Mke wangu Jacqueline alikuwa zamu kwenye nyumba ya wazee. Hakushuhudia. Bahati yake mbaya.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimo kwenye lifti! Tai nyekundu, tabasamu la heshima, na maandishi makubwa: Fundi Ildefonce. Nimepanda na kushuka asubuhi nzima bila shughuli. Mzee Zulfikar wa ghorofa ya tatu akaniuliza kama naweza kumwekea kioo cha dirisha. Nikamwambia mimi ni msanii.

Binti yangu Ella aliitazama picha, kisha akasema kwa Kiingereza (Kiswahili anakielewa, kukizungumza hataki) kwamba anahamia kwa shangazi yake.

Jioni nikatazama video ya kupuliza kioo. Loo! Kinatoka tanurini kama asali inayowaka, kimening'inia kwenye ncha ya bomba la chuma. Sikumaliza video. Nafikiri upya.

Jumatatu, 13 Oktoba, Sikukuu ya Shukrani

Jacqueline amepika kuku mzima. Mimi nimepewa shingo.

Nikauliza kulikoni. Akasema, kwa upole unaotisha, kwamba kila Jumatano tangu mwezi wa tano anajifunza kupuliza kioo kwa Kawthar, na kwamba nafasi ile aliiomba yeye. Kawthar alimwomba radhi: ameona ni heshima kumtanguliza mwenye ukoo.

Nikasema sikuambiwa. Akasema niliambiwa. Inawezekana. Mwezi wa tano kulikuwa na mpira mwingi.

Nikamuuliza kwa nini asimweleze Kawthar ukweli yakaisha. Akaniangalia.

"Baba Ella, uongo ni wako. Kausahihishe mwenyewe."

Nikairudisha shingo sahanini. Ningeweza kupiga simu leo hii. Lakini picha imeshabandikwa, na gundi ya siku hizi ni kali. Nina mpango bora.

Ijumaa, 17 Oktoba

Bandeji! Nimejifunga mkono wa kulia mpaka karibu na kiwiko. Nimeteleza bafuni: hiyo ndiyo taarifa rasmi. Jacqueline, ambaye kufunga bandeji ni kazi yake ya kila siku, akanifungua, akanibonyeza hapa na pale, akanifunga upya vizuri zaidi. Sikuupenda ule uhodari.

Nikampigia Kawthar kwa sauti ya mgonjwa. Hakuna shida kabisa, kaka Ildefonce! Eti mafundi wakubwa wa kioo wengi hawashiki hata bomba: wao huketi, huelekeza, na wengine huwa mikono yao. Na mikono ameshanipatia. Mke wangu!

Jumamosi, 18 Oktoba

Karakana imefurika. Wasanii wa kweli wamepanga kazi zao: mama mmoja Mjamaika na mabakuli ya kijani, Qurratulain wa Pakistani na taa nyembamba kama maganda ya kitunguu. Cyriaque mstari wa mbele, suti nyeusi.

Nikaketishwa. Jacqueline akavaa miwani ya kazi, akachota kioo tanurini. Nikapaza sauti azungushe. Alikuwa tayari anazungusha. Nikasema azungushe zaidi! Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Nikanogewa. Juu! Chini! Nikasema kushoto, yeye akapeleka kulia, kioo kikakaa sawasawa. Nikatangaza ndivyo nilivyomaanisha.

Kisha akahitaji mtu wa kupuliza huku yeye akitengeneza umbo.

"Baba Ella," akasema mbele ya wote, "mdomo haujateguka."

Kicheko karakana nzima. Nikaweka midomo kwenye bomba. Akaniambia polepole. Lakini Cyriaque alikuwa ananitazama! Nikapuliza kwa nguvu zangu zote. Kioo kikavimba kama boga, kikawa chembamba, kikapasuka paa! Vipande vyepesi vikaelea hewani, vikatua sakafuni. Hakuna aliyeumia. Mimi nilijishika kichwa, kwa mikono yote miwili, na watu wote wakaona.

Jacqueline alisimama akitazama sakafu. Jumatano zake zote zilikuwa pale chini. Kwa mara ya kwanza wiki hii sikuwa na mpango wowote.

Cyriaque akavua koti. "Allez, dada Jacqueline, tuanze upya. Kupuliza ndiyo kazi yangu."

Akapuliza pumzi ndefu, ya taratibu, isiyokatika. Jacqueline akazungusha, akabana shingo, akavuta mpini. Ukatoka mtungi wa buluu, umeinama kidogo upande mmoja, kama mtu anayesikiliza. Vigelegele! Na katikati ya kelele, sauti ya Ella, kwa Kiswahili safi: "Mama yangu huyo!"

Nikapiga makofi mpaka bandeji ikafunguka ikaning'inia. Nikafuta macho kwa ncha yake. Joto la tanuri, nadhani.

Kwenye basi la kurudi nikamwambia Jacqueline ule mtungi ni mzuri. Akasema anajua. Akaniachia kiti cha dirishani.

Jumapili, 19 Oktoba

Kanisani wote wamemzunguka Jacqueline. Kwangu kaja mtu mmoja tu, mama Candide wa Brampton. Akauliza nani alimfundisha mke wangu. Nilitaka kabisa kusema Kawthar. Mdomo ukasema: mimi.

Amefurahi sana! Ana kikundi cha akina mama huko kwao, na wamepata karakana ya kuazima. Ameniomba niwape somo la kwanza Jumamosi ijayo. Jacqueline alikuwa mbali, hakusikia. Nimekubali. Kupuliza nimeshajua. Jana tatizo lilikuwa bomba.