Kifungu cha Saba na Gari la Bibi Harusi

Jumatatu, 9 Juni 2025

Ukungu hadi saa nne. Nimelikabidhi gari langu jeupe kwa Ismaili, fundi, kwa servisi: oili, breki, na mlio mmoja ambao chanzo chake hakijabainika. Jumamosi gari hili litampeleka binti yangu Glory kanisani kufunga ndoa. Alipokuwa darasa la tatu nilimwahidi kwamba siku hiyo atapanda gari la baba yake. Wakati huo sikuwa na gari. Ahadi ni ahadi.

Kristian, kaka wa mke wangu, amejitolea kutoa gari lake jipya lenye vioo vyeusi. Amejitolea mara tatu, zote mbele ya watu. Nimemshukuru kwa ubaridi unaostahili.

Gari sikulikabidhi kienyeji. Mimi ni mwandishi wa barua na malalamiko, meza yangu ipo karibu na stendi. Sheria nimejifundisha mwenyewe, bila kumsumbua mwalimu yeyote. Nimeandaa Hati ya Makabidhiano, vifungu kumi na kimoja. Kifungu cha tatu: dhara lolote litakalolipata gari likiwa gereji ni juu ya fundi. Kifungu cha saba, fahari yangu: "Mtu yeyote, awe nani, atakayeligusa gari au kuingilia kazi ya fundi bila idhini yake, atabeba lawama peke yake." Hapo nimewalenga wale wanaokwenda gereji kupiga soga. Ismaili aliuliza asaini kabla ya kunawa au baada. Akasaini kabla. Hati sasa ina dole gumba la oili. Imepata uzito.

Jumanne, 10 Juni

Saa moja na nusu asubuhi: ukaguzi wa kushtukiza. Ismaili hayupo, kaenda kunywa chai. Gari limeegeshwa kwenye mteremko, uso ukitazama bondeni, na mbele ya tairi limewekewa jiwe. Jiwe! Kama lori la magogo linaloshuka milima ya Shume! Kristian hupita njia ile kila asubuhi. Angeliona, ningesimuliwa hadi Mombo. Nimelisukuma jiwe pembeni kwa kiatu. Nimepangusa kiatu. Nimekwenda kazini na moyo mweupe.

Mama Shamsa, mwenye shamba la kabichi chini ya gereji, alikuwa akipalilia. Alinipa shikamoo. Niliitikia kwa ufupi, nikiwa kazini.

Saa tatu. Balaa! Gari limeteremka lenyewe! Limevunja uzio wa Mama Shamsa, limepita juu ya matuta manne ya kabichi na kusimamishwa na mparachichi. Bampa limekunjika. Taa ya kushoto haipo. Mlango wa nyuma umebonyea kama sufuria ya jeshini. Ismaili anaeleza kwamba alirudi kutoka chai, akatoa gia ili aanze kazi, akiamini jiwe lake lipo. Anaapa alilitega jana jioni kwa mikono yake.

Nimemwambia tutakutana kwa maandishi.

Jumatano, 11 Juni

Nimewasilisha malalamiko kwa Bi. Modesta, Mtendaji wa Kata. Kurasa tisa. Akaniomba niyafupishe. Nimeyafupisha: nimepunguza ukubwa wa herufi.

Naomba mambo matatu: gari linyooshwe kabla ya Jumamosi, Ismaili akiri kosa kwa maandishi, na maandishi hayo yabandikwe ukutani gereji. Aya ya ishirini na mbili inasema hadithi ya jiwe ni ya kutunga. Kuhusu jiwe nililoliondoa mimi, hilo ni suala tofauti kabisa. Lile lilitokea saa moja na nusu; ajali ni ya saa tatu. Haiwezekani tukio moja lianze saa moja na nusu likaishie saa tatu.

Kristian amefika kutoa pole. Kaja na pole na ratiba ya gari lake.

Mke wangu Jenoveva aliuliza kama kurasa tisa zinaweza kumbeba bibi harusi. Nilipoanza kumfafanulia utaratibu, alihamia Kishambaa kitupu, jambo ambalo halijawahi kuniendea vizuri. Glory alikuwa akipiga pasi vitambaa vyeupe alivyoshona mwenyewe kwa ajili ya viti vya gari. Alivipiga pasi vyote. Akavikunja. Nilitoka nje kuangalia mbuzi.

Alhamisi, 12 Juni

Shauri limesikilizwa ofisini kwa Bi. Modesta. Nilisoma kwa dakika arobaini. Nilipofika "bila kuathiri yaliyotangulia", Ismaili aliomba maji.

Akaitwa Mama Shamsa kwa habari ya kabichi zake. Akasema ananiheshimu sana, barua ya mwanawe ya shule niliiandika mimi na ilijibiwa. "Lakini jiwe Mzee Tobia alilisukuma kwa mguu. Nilimwona. Tena akatoa leso akapangusa kiatu, utadhani katoka kufunga goli."

Watu wakacheka. Bi. Modesta akaniuliza kama ni kweli. Niliomba shauri liahirishwe ili niwasiliane na mshauri wangu wa sheria. Akauliza mshauri huyo ni nani.

Ni mimi.

Ndipo akachukua Hati ya Makabidhiano na kusoma kifungu cha saba. Alikisoma polepole, kwa sauti ya ofisi. Mtu yeyote. Awe nani. Peke yake! Nilikuwa naangamia, lakini sitaandika uongo katika shajara yangu: sijawahi kusikia kifungu kilichosimama wima namna ile.

Kisha Ismaili akasimama. Akasema gari lilikuwa mikononi mwake. Alitoa gia bila kuinama kutazama tairi, na fundi asiyeinama hawezi kujificha nyuma ya karatasi, hata ikiwa imeandikwa vizuri. "Tugawane, mzee wangu. Wewe jiwe, mimi gia."

Bi. Modesta alisema hajasikia la maana zaidi tangu asubuhi. Uamuzi: Ismaili ananyoosha bodi. Kabichi zilizopondeka nazinunua mimi, na uzio naujenga mimi. Na kwa kuwa siku zimebaki mbili, nitamsaidia fundi kazi. Nilinyanyua mkono kukata rufaa. Jenoveva alinikanyaga mguu.

Kabichi zimeingia zote kwenye hesabu ya pilau na kachumbari ya harusi. Hakuna mgeni atakayejua zilipitiwa na nini.

Ijumaa, 13 Juni

Nimeshika mlango, Ismaili akigonga. Nimeshika bampa, Ismaili akigonga. Kidole changu kimoja kimegongwa pia, bila hati yoyote. Mlango wa zamani haukunyooka. Mwingine umepandishwa kwa basi kutoka Magoma. Ni wa bluu.

Nilisema bibi harusi hawezi kuingia kwa mlango wa bluu. Ismaili akaendelea kukaza nati. Akasema, bila kunitazama, kwamba Glory alipokuwa shule alikuwa akijikinga mvua hapa gereji, akimsomea magazeti ya kufungia vipuri. Kwamba alimzoea kama wa kwake. Kwamba taa ya kushoto ameitoa kwenye gari lake mwenyewe.

Nikapatwa na mafua ya ghafla. Jioni nilikaa kumwandikia barua ya shukrani. Sikupata maneno. Haijawahi kutokea.

Jumamosi, 14 Juni

Ukungu uliondoka mapema. Magari mawili uani: la Kristian likiwa na maua, likinguruma, langu likiwa na mlango wa bluu. Wageni walijifanya hawaoni. Glory alitoka na shela. Alitazama moja, akatazama la pili.

"Mjomba, ahsante sana," alisema. "Wewe wabebe akina bibi, magoti yanawasumbua." Akashika mlango wa bluu. "Baba, washa."

Vitambaa vyeupe vilikuwa vimetandikwa tangu alfajiri. Ismaili alikaa mbele, kavaa kanzu na koti, jiwe mapajani. Kanisani aliteremka wa kwanza, akaliweka mbele ya tairi, akainama kulitazama mara mbili, ndipo akamfungulia bibi harusi. Watu wakapiga vigelegele. Sikutoa pingamizi.

Pilau iliisha. Kachumbari ilisifiwa. Kristian ameondoka na wakwe kwa basi lao kwenda kuwasindikiza Mombo. Gari lake kaliacha uani kwangu hadi kesho. Kaniachia funguo. Alisema nizitunze tu.

Jumapili, 15 Juni

Baada ya ibada niliona gari la Kristian limekaa upande, halilingani na ukuta. Mtu mwenye mpangilio hawezi kunywa chai akitazama kitu cha namna hiyo. Nilikusudia kulisogeza hatua mbili.

Banda la mbuzi halipo tena. Mbuzi wawili hawajulikani walipo. Kuhusu gari la Kristian, kwa kifupi, sasa lina kioo cheusi kimoja pungufu.

Nimeketi mezani tangu saa sita. Kurasa saba tayari. Naonyesha, bila kuacha shaka, kwamba mwenye uwanja hawajibiki kwa gari la mgeni, na kwamba mgeni anayeegesha upande ndiye mvunjaji wa banda. Namdai Kristian banda na mbuzi. Kesho saa mbili kamili nitakuwa wa kwanza mlangoni kwa Bi. Modesta.

Jenoveva ameuliza nani alikuwa nyuma ya usukani. Nimemjibu kwamba hilo ni swali la kisheria, na kwamba si vizuri wanandoa kujadili sheria siku ya Bwana.