Saa Saba Zenu Zinaniletea Dada

Ndugu Meneja wa Shirika la Ndege,

Mimi ni seremala. Nilianza na msumeno wa kuazima, leo nina karakana yenye mashine nne. Nakuandikia kwa heshima zote kuhusu bango mlilosimamisha mbele ya mlango wangu: “Kilomita 5,720. Saa saba tu!” Hiyo “tu” ndiyo iliyoniponza.

Dada yangu mkubwa, aliyenilea, anaishi huko mnakokutangaza. Kila akitaka kuja, namjibu kwamba ni mbali mno. Tulikuwa tunaelewana vizuri. Sasa mke wangu kalipiga picha bango lenu na kumrushia wifi yake. Jibu likanijia mimi hapo hapo, kwa jina alilonipa utotoni: Kibonge, kumbe ni hapo tu! Nakuja Jumamosi, nakaa mwezi.

Alipokuja mara ya mwisho alihamishia mashine yangu ya randa dirishani eti nipate hewa, kisha akawasimulia wateja kwamba nilikuwa nakojoa kitandani mpaka darasa la tatu. Kwa hiyo nalalamika:

1. Kwenda ni saa saba, kurudi saa nane. Ubao wa futi kumi nikiupima kutoka kushoto ni futi kumi, kutoka kulia ni futi kumi. Kijana wenu wa kupokea simu anasema eti ni upepo. Na mimi nikichelewesha kabati la mtu nisingizie upepo?

2. Mnahesabu angani peke yake. Mimi kabati nalihesabu pamoja na vanishi kukauka. Dada atakaa saa mbili kwenye foleni ya magari, tatu akisubiri uwanjani, nane hewani, mbili za pasipoti na mizigo, mbili za kufika kwangu. Jumla kumi na saba.

3. Tiketi inasema anaondoka saa mbili asubuhi, anafika saa saba mchana. Kahesabu vidole, kapata saa tano! Nikimweleza kwamba saa za huku ziko nyuma, ananiambia nisimletee ujanja. Kwa mwendo huu, mwakani atafika kabla hajaondoka.

Naomba bango liandikwe “Saa kumi na saba, na mgongo utauma.” Ikishindikana, ndege izungukezunguke kidogo. Ikishindikana kabisa, ipitie mji wa tatu, abiria washuke, wapange foleni upya. Hata ikichukua siku mbili, mimi sina neno.

Wasalimie marubani, wahudumu, na yule kijana wa upepo.

Wako katika vipimo sahihi,
Seremala wa mkabala na bango

N.B. Kabla ya kuifunga barua nilimsomea dada kwenye simu, ajue sibahatishi. Akasema, saa kumi na saba kwa magoti haya, mdogo wangu, siwezi, basi tena. Tangu juzi hapigi simu. Na kitanda chake nimeshakichonga, kifupi, asipate taabu kupanda. Tafadhali puuzeni namba 1 hadi 3. Nimepima upya: ni saa tano, tena kasorobo. Mpigieni nyinyi, mimi haniamini tena. Na huyo kijana amwambie upepo wa Jumamosi ni mzuri.